Waya Ulioingia wa Bluu Ukatoka wa Kijivu

Kabla ya kuingia chumba cha mashine, Somo alitaka kwanza kuingia chumba cha chai. Ndivyo alivyofanya kazi tangu aache kuchunguza ajali kwa niaba ya kampuni ya bima na kuanza upelelezi wake mwenyewe. Mashine haina mdomo, watu wanao, na mtu akishika kikombe cha moto mdomo wake hulegea. Somo halikuwa jina la mwanamke huyu. Yeye ndiye aliyemwita kila mtu somo, awe mlinzi wa getini au hakimu mahakamani, mpaka jina likamrudia mwenyewe na kumganda.

Nyumba aliyoitiwa asubuhi ile ilikuwa ya ghorofa. Chini palikuwa na studio ya kutia sauti tamthilia za nje: wanachukua mchezo ulioigizwa kwa lugha ya mbali, wanautafsiri, wanausemea upya, na jioni mji mzima unakaa mbele ya televisheni kulia na kucheka. Juu alikaa mwenye studio na familia yake. Aliyemwita Somo hakuwa mwenye studio, bali dada yake, mama wa fundi wa mtandao. Fundi huyo, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliitwa Nyaya na kila mtu mle ndani, hata na mjomba wake aliyemwajiri.

Na sasa mjomba huyo alikuwa ameapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba alasiri ile ile atamfukuza Nyaya na kumkabidhi polisi kwa kosa la hujuma.

"Kaka yangu akimpeleka mwanangu polisi," mama mtu alikuwa amemwambia Somo kwenye simu, bila kulia, "mimi na yeye hatuzikani."

Basi Somo akamimina chai, akavuta kiti katikati ya watu, akaanza kama mgeni aliyekuja kuposa. Haikuchukua muda akawa anajua nani anamnunia nani.

Aliyesema sana alikuwa mhariri wa picha, mwanamke aliyeitwa Mkasi kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake. Alieleza kwamba filamu zote za studio zinakaa kwenye mashine moja kubwa wanayoiita ghala, na kila mmoja anazivuta kutoka huko kupitia mtandao. Wiki chache nyuma Nyaya alijitapa kwamba ameongeza kasi, na kweli siku ya kwanza filamu zilikuwa zinakimbia. Kisha Nyaya akaenda kumuuguza bibi yake. Aliporudi, mashine ya Mkasi ikawa inaanza kuvuta filamu, inasimama, inakata tamaa. Kipande cha mwisho cha tamthilia kilipaswa kuwa kwenye kituo cha televisheni jioni ile, na bado kilikuwa kimekwama ghalani.

"Mashine zote zimekwama?" Somo akauliza.

"Zote wapi. Yangu, ya Ngoma, na ya mama wa ratiba. Wengine wanapaa."

Ngoma, fundi sauti, akaitikia kwa kichwa huku akitafuna. Somo akauliza, kama kwa bahati mbaya tu, wao watatu na Nyaya wanapatanaje. Chumba kikachangamka. Ikajulikana kwamba Nyaya alituma mshenga kwa Mkasi, Mkasi akakataa, na si kukataa tu, bali akasimulia ofisi nzima mshenga alivyokuwa anatetemeka. Ngoma na Nyaya walikuwa hawasalimiani tangu wagombane kwa sababu ya mpira. Mama wa ratiba ndiye aliyemshtaki Nyaya kwa mjomba wake kwa kuchelewa kazini.

"Mashine haijui nani kagombana na nani, somo," Ngoma akasema. "Anayejua ni mwenye kuiamrisha."

Ilikuwa hoja nzito, na Somo akaiheshimu. Hivyo ndivyo mjomba alivyoipata kesi yake: maadui watatu wa fundi, mashine tatu zilizolala. Lakini Somo alikuwa na tabia moja iliyowachosha mabosi wake wa bima. Akishaambiwa nani kaumia, alitaka kujua pia nani hakuumia, na kwa nini.

Pale pembeni alikaa mfasiri wa studio, mama mcheshi aliyekuwa akicheka kabla hata maneno hayajaisha. Somo akamuuliza mashine yake ina hali gani. Nzima kabisa, akajibu. Na Nyaya je? Nyaya ni mtani wake, ni kama mdogo wake wa tumbo moja, kila asubuhi lazima watukanane ndipo kazi ianze. Somo akasema angependa kuiona hiyo mashine ya mtani.

Wakaenda wote, kikombe mkononi. Mfasiri akafungua kurasa za maneno ya tamthilia, moja baada ya nyingine, zikaja papo hapo.

"Sasa nifungulie filamu yenyewe," Somo akasema.

Mfasiri akashangaa. Yeye hafungui filamu, anafanya kazi na maneno tu. Lakini akaifungua ili kumridhisha mgeni. Filamu ikaanza, ikasimama, ikakata tamaa.

Mkasi alisogeza uso mpaka karibu na kioo, kama mtu anayemtambua ndugu yake kwenye picha ya zamani.

"Kumbe na wewe," akasema polepole.

"Na mimi nini? Mimi hajanitumia mshenga," mfasiri akajibu, na hapo wakacheka.

Somo hakucheka nao. Alikuwa amepata vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, aliyeumia hakuwa lazima adui. Pili, kwenye mashine ile ile, kidogo kilikuwa kinapita na kikubwa kinakwama.

Ofisi ya mwenye studio ilikuwa mwisho wa korido. Enzi za ujana wake mzee yule aliwasemea majambazi na wafalme dhalimu, na sauti ilikuwa bado ile ile, hata akikukaribisha kiti unahisi umehukumiwa. Nyaya alikuwa amekaa mbele yake, mikono katikati ya magoti. Mzee akaeleza kwamba tangu malalamiko ya kwanza alimnyang'anya funguo za chumba cha mashine na kumkataza kugusa chochote. Asingempa mwizi ufagio wa kufutia nyayo zake.

Somo akamgeukia Nyaya, akamwomba amweleze alichokifanya, lakini amweleze kama anavyomweleza mtu ambaye kazi yake na umeme inaishia kuchaji simu.

Nyaya akaanza kwa kusitasita, kisha kazi ikamnogea mdomoni. Alisema alifanya mambo mawili. La kwanza, filamu haisafiri nzima, inakatwakatwa vifurushi. Zamani vifurushi vilikuwa vidogo, ni sawa na kuhamisha ghala la mchele kwa vikombe. Yeye akaziambia kadi za mtandao za mashine zote, pamoja na swichi kubwa iliyo chumba cha uhariri, ile inayounganisha nyaya za mashine zote, zipokee vifurushi vikubwa, yaani mchele usafiri kwa magunia. La pili, kati ya ghala na ile swichi kubwa palikuwa na waya mmoja. Akavuta wa pili, akazifunga pamoja zifanye kazi kama njia moja pana.

"Kwa hiyo Mkasi akivuta filamu, nusu inapita huku na nusu kule?"

"Hapana, somo. Watu wengi wanadhani hivyo. Kila mashine inapangiwa waya wake. Mtandao unatazama namba ya anwani ya mashine. Yenye namba shufwa inapita waya wa kwanza, yenye witiri inapita wa pili. Haibadilishi, siku zote huko huko. Faida ni kwamba wote hawabanani mlango mmoja."

"Na Mkasi ni nini?"

Nyaya akafikiri. "Witiri."

"Ngoma? Mama wa ratiba? Mfasiri?"

Kila jina Nyaya alijibu, na kila jibu lilimnyanyua kidogo kwenye kiti. Witiri, witiri, witiri. Mzee akaguna kwa sauti ya jambazi wake wa zamani. Akasema hizo ni hesabu za kumzubaisha mwanamke aliyekuja kwa hisani ya dada yake, na kwamba fundi anayepanga namba anaweza kuwapanga maadui zake anavyotaka.

"Kweli kabisa, mzee," Somo akasema. "Yako ni namba gani?"

Mashine ya mzee ilikuwa shufwa. Haikuwahi kukwama hata mara moja. Somo akauliza kama namba hubadilishika, akaambiwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Basi akaomba Mkasi apewe namba ya mzee, na mzee apewe ya Mkasi. Mzee akakubali kwa sababu kukataa kungemchosha zaidi. Nyaya akabonyeza pale mezani kwa mjomba wake, kisha akaenda kwa Mkasi akabonyeza na kule, watu wote wakitazama vidole vyake kama vya mchezesha karata.

Kilichofuata kilisikika kabla hakijaonekana. Koridoni Mkasi alianza kucheka kicheko cha mtu aliyeiona pete yake iliyopotea. Filamu ilikuwa inashuka kwenye mashine yake kama maji. Na kwenye meza ya mzee filamu ikaanza, ikasimama, ikakata tamaa.

"Sasa kanihujumu na mimi," mzee akasema.

"Umekaa kiti cha Mkasi tu, mzee. Ugonjwa haumfuati mtu, unafuata njia. Naomba funguo tukautazame huo waya wa pili."

Hapo ndipo Somo alipoona jambo la kuchekesha. Mtu aliyekuwa na haraka ya polisi tangu asubuhi, ghafla akawa na haraka ya chakula. Akasema hakuna haja ya kufungua chumba, kwani taa za nyaya zote mbili zinawaka kijani, waya mzima. Akasema kesho atanunua mpya. Akasema, kwa jinsi mambo yalivyo, labda polisi nao wangoje kidogo. Somo akakubaliana na kila neno, huku mkono wake ukiwa umenyooshwa mbele, kiganja juu. Mwishowe funguo zikaangukia humo, na mzee akapanda juu kula.

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya jokofu na mvumo wa nyuki. Nyuma ya ghala zilitoka nyaya mbili za bluu, zikapanda ukutani na kupotelea darini. Somo akazigusa kwa kidole, moja, halafu nyingine. Kisha akamwambia Nyaya amwoneshe zinakotokea. Wakapita koridoni mpaka chumba cha uhariri, ilipokuwa swichi kubwa. Kutoka darini zilishuka nyaya mbili. Mmoja wa bluu, mwingine wa kijivu.

Nyaya akaushika wa kijivu, akaugeuzageuza.

"Wewe ulivuta rangi gani?"

"Bluu zote. Zilitoka boksi moja."

"Basi kuna mahali waya wako umeingia wa bluu ukatoka wa kijivu."

Wakaleta ngazi. Ubao mmoja wa dari, katikati ya korido, ulikuwa na alama za vidole pembeni, na si vidole vyembamba. Somo akashika ngazi, Nyaya akapanda, akausukuma ubao, akaingiza kichwa na tochi.

Kulikuwa na kiswichi kidogo, akasema kutoka juu, cha zamani, cha aina ambayo watu wameshaacha kuitumia. Waya wa bluu unaingia humo. Wa kijivu unatoka kwenda chumba cha uhariri. Kisanduku kile hakikujua habari ya magunia. Kilizaliwa enzi za vikombe. Kifurushi kidogo kikija kinapita, kikija kikubwa kinakitupa, wala hakisemi kitu kwa mtu.

"Mbona taa zilikuwa kijani?"

Nyaya akateremsha uso, una vumbi. "Hapo nilikosea mimi. Ukizifunga nyaya pamoja, unaweza kuziachia mashine mbili ziulizane: wewe ndiye mwenzangu kweli? Mwenzake asipojibu, waya ule unaachwa na taarifa inatoka. Mimi nilikuwa na haraka ya safari, nikazilazimisha tu. Kwa hiyo kila upande ukiona taa unaridhika, hata kama aliye upande wa pili ni mtu baki." Akanyoosha mkono juu tena. "Nakitoa sasa hivi."

"Usikiguse. Umeniambia kuna wa bluu na wa kijivu. Kuna mwingine?"

Kulikuwa na mwingine. Waya wa tatu ulitoka kwenye kisanduku, ukafuata bomba la maji, na kupanda kupitia tundu la bomba kwenda ghorofani.

Wakatazamana. Ngazi ilitikisika kidogo.

"Kaa hapo hapo," Somo akamwambia. "Nikikwambia toa, ndipo utoe."

Kupanda kwa mwenye nyumba bila mwaliko kulihitaji kisingizio, na Somo hakuwahi kukosa kisingizio cha kusalimia. Hata hivyo hakukihitaji. Mlango ulikuwa wazi na viatu vimejaa kizingitini kama msiba au harusi. Ndani, mke wa mzee, mkaza mjomba wake Nyaya, alikuwa ameketi kwenye zulia na mashoga zake wamemzunguka, wengine wanamenya machungwa, wengine wamelaliana. Mzee mwenyewe alisikika chumba cha ndani, kijiko kikigonga sahani. Macho ya wanawake wote yalikuwa kwenye televisheni kubwa ukutani.

Somo akatazama na yeye. Akamwona bwana harusi wa ile tamthilia ambayo mji mzima unaifuatilia, amepiga magoti hospitalini, analia. Kipande kile Somo hakuwahi kukiona. Hakuna aliyekiona. Ndicho kile cha mwisho, kilichokuwa kinangojwa kituoni. Na bwana harusi alilia kwa lugha ya kwao.

"Mnaelewa anachosema?"

"Hatuelewi hata neno," mkaza mjomba akajibu bila kugeuka, huku akimpisha nafasi. "Tunamsemea wenyewe. Kaa, shoga, umekuja pazuri." Na shoga mmoja mnene, kwa sauti nzito ya kiume, akamsemea bwana harusi maneno ya kuomba radhi kwa mkwewe, yenye matusi mepesi ndani yake, mpaka nyumba nzima ikaangua kicheko.

Somo alicheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa tamu kuliko ile ya chini. Kisha, akiwa bado anajifuta, akasifu picha ilivyo safi, akauliza wameipataje.

Mkaza mjomba hakuwa na la kuficha. Akaeleza kwamba kila siku alikuwa akimuuliza mumewe itakuwaje kesho, nani atakufa, nani atarudiana na nani, na mumewe akawa hali wala halali. Usiku wa kuamkia siku ya Nyaya kurudi safarini, mume akatoa kisanduku kwenye droo yake, akapanda ngazi mwenyewe, na tumbo lile, akamvutia waya. Alisema chini kuna nyaya mbili zinazokwenda njia moja, na kazi moja haihitaji nyaya mbili.

"Na mimi nikamwambia," akamalizia, akichukua kipande cha chungwa, "angalau mmoja katika ukoo wenu anajua ufundi, maana yule mpwa wako nasikia kaharibu kila kitu."

Kijiko chumba cha ndani kilikuwa kimenyamaza.

Somo alimkuta mzee kwenye ngazi za kushukia, amekwishavaa koti la mkutano. Hakumlaumu. Alimweleza kwa ufupi kisanduku kinafanya nini na magunia, na kwamba televisheni ya juu haikukwama kwa sababu bado inavuta kwa vikombe, na mzee akasikiliza huku akikaza kifungo kilichokuwa tayari kimefungwa. Ilikuwa wazi kwamba hakujua. Alidhani ameazima upenyo kidogo tu kwenye njia pana.

"Nitawaambia palikuwa na hitilafu," akasema. "Nyaya atabaki kazini. Inatosha."

"Watu wanamwita mhujumu, mzee. Ukisema hitilafu, watasema umemfichia kwa sababu ni mpwa wako. Atabaki kazini na jina lile lile. Na dada yako yuko chini, kaja kusikia."

Wakashuka.

Wafanyakazi walikuwa wamejaa chumba cha chai mpaka mlangoni. Mama yake Nyaya alisimama ukutani, mkoba kifuani. Mzee akakohoa, akaanza na sauti yake ya wafalme. Akasema uchunguzi umefanyika. Akasema imegundulika hitilafu ya kiufundi, ambayo chanzo chake ni kigumu kueleza. Mkasi akamtazama Ngoma. Ngoma akainua nyusi. Mama mtu akakaza mkoba.

Somo akatoka taratibu mpaka koridoni, akainua uso kwa mtu aliyekaa juu ya ngazi.

"Toa," akasema.

Alirudi mlangoni mzee akiwa bado anazunguka kwenye hitilafu. Juu ya vichwa vyao vikasikika vishindo, kwanza vya miguu miwili, kisha vya mingi. Ngazi za nyumba zikalia. Mkaza mjomba akatokea mlangoni, khanga begani, mashoga nyuma yake, akapenya katikati ya watu bila kuwaona.

"Baba watoto," akasema, "picha imekatika, na yule anataka kufa. Njoo utazame ule waya ulionivutia wewe kule darini."

Chumba kizima kikamgeukia mzee. Mfasiri, aliyezoea kucheka kabla maneno hayajaisha, safari hii aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Mzee alitazama mkewe, akatazama dada yake. Alipofungua mdomo, sauti ya wafalme haikuwemo. Akasema waya aliukata yeye. Akasema kisanduku alikiweka yeye, Nyaya akiwa kwa bibi yake, na kwamba aliyosema juu ya mpwa wake mbele ya watu hawa, anayarudisha mbele ya watu hawa hawa. Dada yake hakusogea ukutani, ila mkoba ulishuka.

Watu wakampisha, akatoka koridoni. Nyaya alikuwa bado juu, anaunganisha bluu na bluu, vumbi la dari limemweka mvi. Kisanduku kilikuwa sakafuni. Mzee akasimama chini yake.

Nyaya akaendelea kukaza waya. Hakuteremsha macho.

"Mjomba," akasema mwishowe, "ngazi inacheza. Nishikie."

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Chumba cha uhariri Ngoma akaita kwamba yake imeanza kukimbia.